Haja ya Mama Rido

Wiki iliyopita nilikwenda Husby, mtaa nilikokulia huku Swideni, kununua ndagala. Wengine mnawaita dagaa, na sitagombana na mtu, ila sisi tuliotoka Uvira tunajua kwamba ndagala ni ndagala. Huku kusini mwa mji ninakoishi siku hizi hawapatikani, kwa hiyo kila mwezi napanda treni, nabadilisha kwenye laini ya buluu, nashuka Husby na kupandishwa na ile ngazi ya umeme ndefu mpaka juu uwanjani. Nilikuwa nimeshanunua na mfuko unanukia, nikawa napita mbele ya maktaba ya mtaa. Mlangoni waliweka boksi la vitabu vilivyotolewa rafuni, na karatasi juu yake imeandikwa: chukua.

Mimi siwezi kupita boksi la vitabu bila kuinama. Chini kabisa, chini ya vitabu vya mapishi na kamusi iliyopasuka mgongo, nikakiona. Jalada la kijani, picha ya bakuli la wali na vijiti viwili vya kulia. Mikono yangu ilikijua kabla yangu. Nikafungua karibu na katikati, nikageuza kurasa chache, na hapo, pembeni mwa ukurasa, kulikuwa na alama ya kidole gumba ya rangi ya machungwa. Mawese hayatoki kwenye karatasi, hata baada ya miaka ishirini.

Nilikaa kwenye benchi nikalia, mfuko wa ndagala mapajani. Mama mmoja aliyekuwa anasukuma kigari cha mtoto akaniuliza kwa Kiswidi kama niko salama. Nikamwambia ni baridi tu. Kidole kile ni cha bibi yangu, na nimekaa siku nane nikitafuta mtu wa kumsimulia habari hii. Basi kaa, nikusimulie wewe.

Tulifika nchi hii tukiwa watatu kutoka kambini: mama, bibi na mimi niliyekuwa na miaka sita. Tulipewa nyumba Husby, ghorofa ya tatu. Mama alisafisha maofisi kule Kista alfajiri, na jioni alikwenda kuwahudumia wazee majumbani mwao, kwa hiyo mlezi wangu hasa alikuwa bibi. Tulimwita Koko, kama watu wa kwetu wanavyowaita bibi zao. Hakujua kusoma wala kuandika. Alijua kushona kwa mkono kwa nyuzi ndogondogo ambazo huwezi kuziona, alijua kupika sombe, yale majani ya muhogo, mpaka jirani Mswidi wa chini akaja kuuliza ni nini, na alijua kunyamaza. Hilo la mwisho nilichelewa sana kulijua.

Nilipofika miaka kumi na moja, Kiswahili kilikuwa kimeanza kunikauka mdomoni. Sikuwa nimekisahau. Nilikuwa mvivu, na zaidi ya uvivu nilikuwa na aibu. Bibi ananiuliza kwa Kiswahili kama nimekula, mimi namjibu kwa Kiswidi kwamba ndiyo, tena neno moja tu. Ananiuliza shule ilikuwaje, namjibu "okej" huku nimeshampa mgongo. Kwenye basi nilikaa kiti cha nyuma yake, ili akizungumza kwa sauti yake ile ya ng'ambo ya ziwa watu wasijue ni wangu. Wenzangu wote walifanya hivyo kwa bibi zao na mama zao, na tuliona ni jambo la kawaida, kama kuvaa kofia wakati wa baridi. Kanisani wamama walikuwa na methali yao tayari, mkataa kwao mtumwa, nao walimrushia mtoto wa mwenzao bila kusita. Mtoto aliyerushiwa methali hiyo ilimganda kama jina la pili.

Sasa nije kwa mkutubi wa maktaba ile ya mtaa. Alikuwa mama mrefu wa Kiswidi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na alikuwa na tabia ya kumwekea mtu kitabu mkononi bila kuombwa. Siku moja ya Novemba akaniwekea hiki cha kijani. Akasema, "Soma, ni habari za watoto kama wewe." Nikatazama lile bakuli na vile vijiti. Mimi na vijiti wapi na wapi? Nyumbani kwetu bugali tunakata kwa mkono. Nikajua huyu mama anadhani sote tuliotoka mbali tumetoka mahali pamoja. Lakini nilimwogopa kidogo, nikakichukua.

Zilikuwa hadithi fupi za waandishi wa Marekani ambao wazazi wao au babu zao walitoka Asia: Uchina, Korea, Ufilipino, Vietnam, India. Zilikuwa zimetafsiriwa kwa Kiswidi. Nilianza kusoma nikivua viatu mlangoni, nikamaliza ya kwanza kabla ya kuvua koti. Ilikuwa habari ya mtoto wa kike anayekwenda hospitali na mama yake kumtafsiria maneno ya daktari. Daktari anasema jambo zito, mtoto anamwambia mama jambo jepesi, kisha wanakwenda kula supu. Rafiki yangu, mimi nilikuwa nimeshafanya hivyo mara tatu kwa bibi, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote duniani. Nilisimama pale mlangoni na koti langu nikajisikia kama nimepigwa picha bila kujua.

Ikafuata ya baba anayekaanga samaki mpaka majirani wanaandika barua. Na sisi tulikuwa tumeshaandikiwa, karatasi ilibandikwa kwenye ngazi, haina jina lakini kila mtu alijua ni ndagala wa nani. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mkutubi alijua kuliko mimi. Hadithi zenyewe zilikuwa fupi, ukianza moja treni ikiwa Husby imekwisha hujafika mjini, halafu unabaki nayo tumboni siku mbili. Sikujua kwamba kitabu kinaweza kufanya kitu kama hicho. Vile vya shuleni vilikuwa vinene na watu wake walikuwa na mashua na nyumba za likizo.

Jumamosi moja bibi alinikuta nikicheka peke yangu jikoni.

"Unacheka nini, mutoto?"

Nilitaka kusema "ingenting", si kitu. Sijui kwa nini sikusema. Nikamwambia, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kwamba kuna mzee Amerika anakaanga samaki na majirani wamekasirika.

Bibi akaketi. "Soma, nisikie."

Hapo lazima nikueleze sheria yake. Kwa bibi, hadithi haisimuliwi jua likiwa linawaka. Anayesimulia hadithi mchana huota mkia, na yeye alikuwa anamjua mtu wa kijiji cha pili aliyeuota. Kule kwetu ulisubiri mpaka usiku, wakati kazi zimekwisha na watoto wanasinzia. Lakini hapa, mwezi wa kumi na mbili, saa tisa mchana taa za barabarani zinawaka. Bibi akasogeza pazia, akatazama nje kweusi, akatingisha kichwa. "Hii inchi iko ya ajabu," akasema, "lakini iko na faida yake."

Kuanzia siku hiyo kila Jumamosi saa tisa tulikuwa jikoni. Sombe iliyogandishwa ilitoka kwenye duka la mama mmoja wa Vietnam pale uwanjani, maana ndiye aliyeuza kila kitu chetu, sombe, ndagala, hata unga wa muhogo. Bibi anachambua maharage au anageuza sufuria, mawese yanaanza kunukia, mimi nasoma mstari wa Kiswidi kimya halafu nausema kwa Kiswahili. Neno likinipotea yeye ananipa. Alinipa maneno mengi sana kwa namna hiyo, bila kunikaripia hata mara moja. Sufuria ikiita, aliweka kidole gumba pale nilipoishia na kunitaka nikaangalie moto, maana hakuamini kwamba karatasi inaweza kushika mahali pake yenyewe. Mkutubi alinigombeza kwa hizo alama, nami nilisema sijui zimetoka wapi.

Alizipokea hadithi zile kuliko mimi. Mimi niliona watu wa mbali wanaofanana nasi. Yeye hakuona umbali wowote. Mzee wa samaki alimpa jina, Baba Harufu. Bibi mmoja wa Kikorea aliyekuwa anakwenda kila alasiri kutazama ndege zinavyoruka alimwita Mama wa Avio, ndivyo tunavyoziita kwetu. Jumamosi ikifika ananiuliza, "Bale batu ba kitabu, leo bako namna gani?" kama mtu anayeulizia wagonjwa.

Halafu tukafika kwenye hadithi ya mapazia. Kwetu pazia tunaliita rido, na mwenye hadithi akawa Mama Rido tangu ukurasa wa kwanza.

Ni mjane, anaishi kwenye mji wa joto huko Kalifornia, anashona mapazia ndani ya gereji kwa ajili ya madirisha ya watu asiowajua. Binti yake yuko mezani na madaftari. Mama anauliza kwa lugha yao: umekula? Binti anajibu kwa Kiingereza: ndiyo. Shuleni vipi? Sawa. Kadiri kurasa zinavyokwenda majibu yanafupika, mpaka mama anaanza kuzungumza na cherehani. Binti anakua, anakwenda chuo mbali. Mama anatoa kitambaa alichokitunza tangu alipotoka kwao, anashona pazia kwa kukisia, maana dirisha lenyewe hajawahi kuliona, analituma kwa posta. Hakuweka barua. Binti anafungua kifurushi, anakaa kitandani, pazia liko mapajani. Hapo hadithi imekwisha.

Bibi alikuwa ameacha kuchambua maharage. "Na kisha?"

"Imeisha, Koko."

"Imeisha namna gani? Rido aliitundika ao hakuitundika?"

"Kitabu hakisemi."

"Basi mwenye kuandika alisinzia." Akaweka kidole chake chenye mawese pale mwisho, akakiacha muda mrefu, kana kwamba maneno mengine yangetokea chini yake.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kupenda miisho ya namna hiyo, nikajiona mjuzi, nikamwambia ndivyo hadithi za kisasa zilivyo. Akarudi kwenye maharage yake. Lakini hakuachana na Mama Rido. Siku mbili baadaye tulikuwa dukani kwa yule mama wa Vietnam. Bibi akamtazama sana, akaniambia, "Muulize kama mutoto wake anamujibu." Niliona haya. Nikamwambia mwenye duka kwa Kiswidi kwamba bibi anauliza hawa samaki wamefika lini. Mwenye duka akasema Jumanne. Nikamgeukia bibi: anasema anamjibu. Bibi akafurahi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kuutikisa, na yule mama akabaki anashangaa mteja anayefurahia Jumanne kiasi kile. Nilijisifu moyoni kwa ustadi wangu. Leo nikikumbuka sura ya bibi siku ile natamani ningeuliza tu swali lenyewe.

Kanisa letu lilikutana Spånga, katika ukumbi wa chini wa kanisa la Waswidi, Jumapili alasiri baada ya wenyewe kwenda nyumbani na kutuachia harufu ya kahawa. Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda wachache, kila mtu na Kiswahili chake, na Mungu wetu alielewa vyote. Baada ya mahubiri mchungaji aliuliza nani ana haja ya kuombewa. Watu walisimama: karatasi za makazi, mgongo, ndugu aliyebaki njiani. Jumapili moja ya Januari bibi akasimama, kilemba chake kimekaa sawasawa.

"Niko na haja," akasema. "Kuko mama mumoja Amerika, anashona rido. Mutoto wake hasemi naye tena. Mumuombee."

Kanisa zima likasema amina. Mimi nilitaka kuingia chini ya kiti. Lakini kwa nini nikufiche, nilifurahi pia. Mtu wa kwenye kitabu changu alikuwa anaombewa na Wakristo sitini kwa sauti ya juu.

Jumapili iliyofuata wamama wa kwaya walikuja kuniuliza. Bibi alikuwa amewaambia habari zinapitia kwangu, na hilo lilikuwa kweli kabisa. Je, Mama Rido ana nafuu? Ningeweza kusema ukweli siku ile, ungekuwa mdogo na usingeumiza mtu. Badala yake nikasema amepata homa. Wakasikitika sana. Jumapili ya tatu nikasema binti amempigia simu, lakini walizungumza hali ya hewa tu. Wakapiga vigelegele. Kila wiki nilitunga kipande, na bibi alisikiliza na wenzake, macho chini, akitingisha kichwa. Nilikuwa na miaka kumi na mbili sasa na nilikuwa nimegundua utamu wa kuwafanya watu wazima wangoje. Sijapata kuandika kitu tangu hapo kilichosikilizwa namna ile.

Mwisho wa Februari kiongozi wa wamama alisimama na kitenge kipya, buluu, chenye ndege wa njano. Akasema wamama wameonelea Mama Rido atumiwe zawadi, ajue ana dada zake huku Swideni. "Tunaomba adresi yake," akasema. "Huyu mutoto njo anaijua."

Vichwa vyote vikanigeukia. Mchungaji alikuwa ameshika kalamu. Nikasimama na kusema kwa Kiswahili kilichonyooka, pengine Kiswahili bora nilichosema mwaka ule mzima: "Hayupo. Ni mtu wa kitabu tu. Koko hajui kusoma, alidhani ni kweli."

Basi ndivyo nilivyosema. Homa niliitunga mimi, simu niliitunga mimi, na mzigo wote nikamtwika mwanamke aliyeketi pembeni yangu kwa sababu alikuwa hajui kusoma.

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama wanavyocheka wazee wakikosea treni. Sauti moja nyuma ikasema, "Masikini, mama wa watu." Mchungaji akasema kwa upole kwamba Mungu anajua pa kuyapeleka maombi yaliyokosa mwenyewe. Jirani yetu wa ghorofa ya pili, mama wa Kirundi aliyekuwa rafiki mkubwa wa bibi, nilimwona ananyanyuka kidogo kama anataka kusema, halafu akaketi tena. Kiongozi wa wamama akaja akamwekea bibi kitenge mapajani, akamwambia akae nacho yeye. Bibi akakikunja mara nne. Hakunitazama wala hakunikataza kumtazama.

Kwenye basi nilikaa kiti cha nyuma yake kama kawaida. Nilingoja anigombeze. Tulipokaribia Husby jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa, jekundu, saa kumi na nusu hivi. Bibi akalitazama dirishani, akasema, "Jua limerudi. Hadithi sasa mpaka giza ya mwaka kesho."

Nilishusha pumzi. Nilidhani nimesamehewa kwa urahisi. Kiangazi kilikuja na mchana wake usiokwisha, Jumamosi tulipika bila kitabu, nikakirudisha maktaba. Nikazidi kuwa mtu wa "ja" na "nej" na "okej". Novemba ikafika tena na giza lake la saa tisa. Jumamosi ya kwanza nilikaa jikoni nikingoja aniulize batu ba kitabu bako namna gani. Yeye alichambua maharage. Sasa najua kwamba alikuwa anangoja nilete kitabu. Nilikaa robo saa, nikaenda chumbani. Jumamosi ya pili sikukaa.

Miaka ikapita hivyo, na sitakudanganya kwamba tuliishi vibaya. Aliniwekea chakula, alinisuka, aliniombea mitihani kwa majina ya masomo asiyoyajua. Nilipopata nafasi ya chuo kaskazini, Umeå, mama alinisindikiza stesheni na bibi akabaki mlangoni, kwa sababu magoti yalikuwa yameanza kumkatalia ngazi. Akaniuliza kwa Kiswahili kama nimechukua soksi nzito. Nilimjibu kwa Kiswidi.

Mwezi wa pili wa masomo nikapokea kifurushi kilichopelekwa posta na mama. Ndani kulikuwa na kile kitenge cha ndege wa njano. Kilikuwa kimepindwa pande zote kwa mkono, kwa zile nyuzi ndogondogo, na juu kimeachiwa nafasi ya kupitisha fimbo. Pazia. Kilikuwa kifupi kidogo kwa dirisha langu. Hakukuwa na barua, na mimi sikushangaa, kwa sababu bibi hakujua kuandika. Nilimpigia mama simu nikamwambia amshukuru Koko. Mama akasema, "Mushukuru weye mwenyewe," akampa simu. Nikasema, "Tack, Koko." Akauliza, "Umeitundika?" Nikasema bado, nitaitundika. Nilisema kwa Kiswidi na nadhani alielewa.

Alifariki majira ya baridi yaliyofuata, usingizini, bila kumsumbua mtu. Ukumbi wa Spånga ulijaa mpaka nje. Nilianzishiwa wimbo, na kwenye ubeti wa pili maneno yakanipotea.

Sasa turudi kwenye benchi, na kitabu, na kidole. Sikukisoma pale baridini. Nilisubiri treni, nikaketi, nikasoma hadithi ya Mama Rido tangu mwanzo. Nilikuwa nimeisahau kuliko nilivyodhani. Nilipofika pale binti anafungua kifurushi nilisoma mstari mara tatu, halafu nikakiweka kitabu juu ya ndagala. Nilishuka stesheni ambayo si yangu. Mimi ndiye niliyemsomea bibi hadithi ile, neno kwa neno, na aliponitumia mwisho wake kwa posta sikuutambua.

Jioni ile nilimpigia yule jirani yetu wa zamani, mama wa Kirundi. Amehamia Rissne, ni mzee sasa, anasikia vizuri kwa sikio la kushoto. Nilimuuliza kama anamkumbuka Mama Rido.

Akacheka kwa muda. "Namkumbuka. Tulimwombea sana yule."

Nikamwambia naona aibu mpaka leo, kwamba bibi aliamini ni mtu wa kweli na mimi nikamwumbua.

Akaniomba nirudie. Nilidhani nimemwambia upande wa sikio baya.

"Mwanangu," akasema, "nani alikwambia aliamini? Siku ile ya kwanza, tunavaa makoti, nilimuuliza, huyo mama wa Amerika ni ndugu yenu? Akasema, hapana, ni wa kitabu cha mtoto. Nikamuuliza, sasa tunamwombeaje mtu wa kitabu? Akasema, haja ni yangu mwenyewe, lakini nikisimama niseme mjukuu wangu hanijibu, mtoto atapewa methali na wamama hawa, itamfuata mpaka aolewe. Acha Mama Rido aibebe."



"Siku uliposimama," akaendelea, "nilitaka kusimama na mimi niwaambie. Alinishika mkono. Alinishika kwa nguvu, mkono uliniuma. Yeye alikuwa anakusitiri, mwanangu, usimlilie hilo. Alikuwa anapenda zile Jumamosi. Aliniambia, saa tisa ikifika, mtoto wangu anarudi."

Hayo ndiyo yaliyonipata wiki iliyopita. Wale sitini wametawanyika, ukumbi wa Spånga wanautumia watu wengine, mwenye duka wa Vietnam amemwachia binti yake, na nilipolipa ndagala nilitaka kumuuliza kama bado anamjibu mama yake kwa lugha ya kwao. Nikauliza wamefika lini. Mkutubi alistaafu. Kitabu ninacho, hakuna atakayenidai kukirudisha. Leo ni Jumamosi, saa tisa, nje ni giza totoro na nimeinjika sombe, nimejaribu kusoma kwa sauti kwa Kiswahili jikoni peke yangu, na kila neno linaponipotea nanyanyua kichwa.

Umeniuliza, najua, hata kama hujafungua mdomo: pazia liko wapi? Nililiweka kwenye droo kwa sababu niliona wenzangu watacheka ndege wa njano. Nilipomaliza chuo na kuhama, nililikunja mara nne, nikaliweka juu ya meza ya chumba cha kufulia pamoja na taa na sahani nisizozitaka, na karatasi juu yake imeandikwa: chukua. Asubuhi yake lilikuwa limechukuliwa.

Mwandishi wa Kalifornia hakusinzia, aliwaonea watu huruma. Lakini bibi aliuliza, na anastahili kujibiwa, tena kwa lugha aliyoulizia.

Hakuitundika, Koko.